Paka Mchaguzi Mwenye Tumbo Dhaifu: Tumlishe Nini, na Wajibu Wetu Unaishia Wapi?

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake wote.

Amma baad. Masuali kuhusu paka yanatufikia kwa wingi, na la karibuni limekusanya mambo mengi kwa pamoja, ndiyo tukaona bora tulijibu kwa makala. Muulizaji ana paka ambaye hali kila kitu. Samaki wa jana hamtaki, wali anaunusa na kuondoka, na akila kitu kigeni hutapika au huharisha, mara nyengine juu ya msala. Mume wake anamwambia amwache na njaa siku mbili tatu mpaka ashike adabu. Daktari wa mifugo amemshauri chakula cha pakiti, lakini pakiti imeandikwa kuwa ndani mna nyama na mazao ya wanyama, bila ya kutajwa mnyama gani. Dada yetu anauliza: je, akimwacha na njaa anapata dhambi? Je, anunue chakula kile? Na msala wake una hukumu gani?

Tuanze na njaa, kwa sababu ndani yake mna uhai wa kiumbe.

Hapana Muislamu asiyeijua khabari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba alimfungia paka mpaka akafa; hakumlisha, wala hakumwachia akatafuta wadudu wa ardhini. Watu wengi huisoma Hadithi hii wakadhani inamhusu katili tu, mtu mwenye kutesa kwa makusudi. Lakini tazama vizuri yaliyotajwa: ni mambo mawili, kutokumlisha na kumzuia asijitafutie. Mwenye kumweka paka ndani ya nyumba, milango imefungwa, madirisha yana nondo na wavu, ameshamzuia asijitafutie. Basi limebaki moja tu la kumwokoa, nalo ni kumlisha. Ndiyo maana paka wa ndani ya fleti ana haki nzito kwa mwenyewe kuliko paka wa soko la samaki la Malindi, ambaye anajua kujipatia riziki yake.

Mafaqihi wetu wa madhehebu ya Shafi wameliweka jambo hili katika mlango wa matumizi, mlango ule ule unaozungumzia haki ya mke, watoto na wazazi. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho vizazi na vizazi vya wanafunzi wa pwani yetu wamekisoma, anaeleza kuwa ni wajibu kwa mwenye mnyama kumlisha na kumnywesha, na akikataa hulazimishwa: kwa mnyama anayeliwa, amuuze, au amlishe, au amchinje, na kwa asiyeliwa, amuuze au amlishe. Zingatia kuwa kumwacha na njaa ili ajifunze adabu halimo katika khiari hizo. Na kuhusu kuuza, wanavyuoni wamekhitalifiana katika thamani ya paka kwa sababu ya Hadithi ya Jabir iliyomo katika Sahih Muslim. Kwa hivyo ukishindwa, njia safi zaidi ni kumpa bure mtu atakayemtunza. Kumtupa sokoni paka aliyezoea ndani, tena mwenye tumbo bovu, si kumwachia huru. Hajui kuwinda na hajui kupigania kichwa cha samaki.

Na hapa elimu ya tiba inaungana na fiqhi kwa namna ya ajabu. Mwili wa paka hauvumilii njaa kama wa wanyama wengine. Paka asipokula kwa siku mbili au tatu, khasa akiwa mnene, mafuta ya mwilini mwake hukimbilia kwenye ini kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyashughulikia, na ini likaanza kushindwa. Akifika hapo, hata ukimletea anachokipenda hakitaki tena, kwa sababu sasa ni mgonjwa kweli, na wengi hufa wasipotibiwa. Kwa mtoto wa paka hata siku moja bila ya chakula ni nyingi. Basi shauri la mume wa dada yetu, na simlaumu kwani ni maneno ya watu wengi, ni shauri la khatari. Mbuzi utaweza kumshinda kwa njaa. Paka atakufa kabla hajakubali kuwa ameshindwa. Jibu la suali la kwanza, kwa hivyo, ni kuwa haijuzu, na mwenye kujua khatari hii kisha akafanya, anaingia katika onyo la Hadithi.

Lakini pia haki ya mnyama ina mpaka. Kinachowajibika ni cha kumtosha na kumweka katika afya, si kila anachokitamani. Tumeona wanaomnunulia paka jodari wa bei kubwa kila siku ilhali mfanyakazi wa nyumbani anakula wali kwa maharage. Huko ni kupindua safu. Nafsi yako, mke, watoto, wazazi na wafanyakazi wako wana haki zao. Mnyama naye ana yake, na kila mwenye haki apewe kwa kadiri yake. Kama chakula kinachomfaa kina gharama ya wastani na unaiweza, toa na utaraji thawabu, kwani Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kila kiumbe chenye uhai kina malipo kwa anayemtendea wema, na alisema hayo katika kisa cha mtu aliyempa maji mbwa mwenye kiu, mnyama ambaye hata si wa nyumbani mwake.

Sasa, kwa nini paka hali? Kabla hujasema anadeka, hakikisha kuwa haumwi. Paka mwenye kichefuchefu huja mbio kwenye sahani, akainusa, akaramba midomo, kisha akageuka. Mwenye jino bovu hula upande mmoja au huangusha tonge. Mwenye minyoo anaharisha hata umpe nini, na huku kwetu minyoo ni jambo la kwanza la kulitazama, wala dawa yake si ngumu kupatikana kwa daktari wa mifugo. Kutapika nywele mara moja moja ni kawaida yake kwa kuwa anajiramba. Ama kutapika mara kwa mara, kukonda, kutoa damu, au kugoma kula mchana na usiku mzima, hayo si ya kungojea. Mpeleke kwa daktari. Wala usimpe dawa za binadamu: Panadol, hata kipande kidogo, inaua paka, kwa sababu mwili wake hauna uwezo wa kuivunja kama wetu.

Akiwa mzima, basi uchaguzi wake una sababu. Paka hujifunza chakula angali mdogo, na aliyelelewa kwa kitu kimoja hukiona kingine si chakula kabisa. Tena anaongozwa na pua kuliko ulimi. Utamu wa sukari haujui, Muumba hakumpa uwezo wa kuuonja. Kwa hivyo chakula kilichotoka kwenye friji, baridi, hakina harufu kwake. Kiache kipoteze ubaridi, au kichanganye na maji vuguvugu kidogo, kiwe na joto kama la kiganja chako. Weka kwenye sahani bapa, mbali na sanduku lake la choo, umpe kidogo kidogo mara tatu au nne kwa siku badala ya lundo moja. Baada ya nusu saa ondoa kilichobaki, khasa kwa joto letu hili.

Na tumbo lake dhaifu aghlabu tumelidhoofisha sisi wenyewe kwa kubadilisha badilisha. Leo samaki, kesho maini ya ng'ombe, keshokutwa mabaki ya biriani ya harusi. Ukitaka kumhamisha kutoka chakula hiki hadi kile, fanya kwa siku 7 hadi 10: anza na robo ya kipya na robo tatu za zamani, kaa hapo siku mbili au tatu, kisha nusu kwa nusu, kisha robo tatu, kisha kipya kitupu. Akiharisha, rudi nyuma hatua moja. Kisha baki na nyama ya aina moja kwa wiki kadhaa ili ujue kama ndiyo inayomfaa. Hili linahitaji nyumba nzima ikubaliane, kwani mtoto mmoja mwenye biskuti chini ya meza anatosha kuharibu subira ya mwezi mzima.

Maziwa ni kosa la zamani. Picha za vitabu vya skuli zimetuzoesha paka na bakuli la maziwa, lakini paka wengi wakubwa hawawezi kuyasaga vizuri maziwa ya ng'ombe, na huenda yakawaharisha. Mpe maji. Mchuzi nao una vitunguu, na vitunguu maji pamoja na thomu huvunja chembe nyekundu za damu ya paka, vikiwa vibichi au vimepikwa. Dagaa wa chumvi, papa mkavu, ng'onda, vyote vina chumvi nyingi mno kwa tumbo kama hilo. Tui la nazi lina mafuta mazito. Mifupa ya samaki na kuku iliyopikwa humkwama kooni au kumchoma tumboni. Kwa ufupi, karibu kila kinachobaki katika sufuria zetu hakimfai paka wa namna hii, ingawa jirani yake wa uchochoroni anakila na kulala.

Cha kupika nyumbani anapoharisha ni minofu ya kuku au samaki mweupe kama changu, iliyochemshwa kwa maji matupu, bila chumvi, bila ndimu, bila viungo, ikachambuliwa mifupa. Hiyo itamtuliza kwa siku chache. Lakini usiifanye ndiyo chakula chake cha miezi, kwa sababu nyama tupu haina chokaa ya kutosha kwa mifupa yake. Na wali mtupu ndio mbaya zaidi. Paka ameumbwa mla nyama, na mwili wake unahitaji kitu kinachoitwa taurini, ambacho kimo katika nyama na samaki na hakimo katika nafaka. Akikikosa kwa muda mrefu huharibika macho mpaka akapofuka, na moyo wake hulegea. Jambo hili la moyo lilithibitishwa na madaktari wa wanyama Marekani mwaka 1987, na tangu hapo watengenezaji wakaongeza taurini katika vyakula vyao. Hapo ndipo chakula cha pakiti kinapokuwa na faida ya kweli, kwa sharti kiwe ni chakula kamili. Tafuta kwenye pakiti neno la Kiingereza "complete". Kisichokuwa na neno hilo mara nyingi ni kitoweo tu, hakimtoshi peke yake.

Tumefika kwenye pakiti yenyewe. Watu huchanganya mambo mawili ambayo fiqhi imeyatenganisha: kumlisha mnyama kitu najisi, na kukinunua kitu hicho.

Kumlisha ni jepesi. Paka hana taklifu. Anakula panya, na panya wake ni mzoga. Imam Nawawi katika Majmu' ametaja kuwa inajuzu kuwalisha mzoga mbwa na ndege, na kuwalisha wanyama chakula kilichoingiwa na najisi. Kwa hivyo kuku aliyekufa bila kuchinjwa, ukimpa paka, huna dhambi.

Kununua ndiko kwenye uzito. Imethibiti katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Jabir (R.A.), kuwa Mtume (S.A.W.) ametangaza kuharamishwa kuuza ulevi, mzoga, nguruwe na masanamu. Nguruwe hana mjadala: chakula kilichoandikwa kuwa kina nguruwe hakinunuliwi. Na soma kwa makini, kwani hajifichui kwa jina moja. Neno "pork" watu wanalijua. "Porcine" wengi hulipita. Plazma ya damu ya nguruwe hutumika kugandisha vyakula vya paka vya majimaji, na ini lake hutumika kutia ladha, hata pakiti ikiwa na picha ya samaki. Ndugu zetu walioko Uingereza na Ulaya wajue pia kuwa huko pakiti ikiandikwa "with tuna", yaani ina jodari, sheria inataka jodari huyo awe angalau asilimia 4 tu. Zilizobaki ni nani? Ndiyo hayo "mazao ya wanyama" aliyoyaona dada yetu.

Rai yangu katika chakula kisichotaja mnyama wake ni kukiacha. Sisemi ni haramu kwa yakini, kwani hatujui kilichomo. Lakini kinatoka katika nchi ambazo nguruwe wanachinjwa kwa wingi na mabaki yao ndiyo yanayokwenda katika vyakula vya wanyama, na dhana hapa ina nguvu. Isitoshe kuna sababu ya tumbo lenyewe: chakula kisichotaja nyama yake kinaweza kubadilika kutoka pakiti hadi pakiti, na paka huyu ndiye hasa asiyestahamili mabadiliko. Basi anayetafuta halali na anayetafuta afya ya paka wanakutana kwenye pakiti ile ile, iliyotaja wazi kila nyama iliyomo. Kama huna uhakika, waandikie watengenezaji uwaulize.

Ama kilichotajwa kuwa ni cha kuku au ng'ombe peke yake lakini hakijulikani kimechinjwa vipi, hapo wanavyuoni wa zama zetu wamekhitalifiana. Wako walioruhusu kwa haja ya mwenye mnyama, na wako waliozuia. Katika madhehebu yetu ununuzi wa kitu najisi hausihi, ila mafaqihi wametaja njia ya mtu kutoa mali ili mwenzake aondoe mkono wake kwenye kitu najisi chenye manufaa yanayoruhusiwa, kama samadi, bila ya kufunga mkataba wa mauzo. Mwenye dharura ya ugonjwa wa paka wake anaweza kuishika njia hiyo, wala hatumfanyii uzito. Lakini kabla ya kufika huko, iko njia isiyo na khilafu: samaki. Samaki hahitaji kuchinjwa, na mfu wake ni halali na twahara. Chakula kamili ambacho nyama yake yote ni samaki, kikimkubali tumboni, ndicho ninachomshauri dada yetu akitafute kwanza. Asipokubali samaki, kwani wako paka ambao samaki ndiye anayewadhuru, atafute kuku mwenye alama ya halali ya taasisi inayojulikana. Viko vyakula vya paka vyenye alama hiyo, ingawa kwetu si rahisi kuvipata madukani.

Je, nyumba inanajisika? Paka mwenyewe ni twahara. Kabsha bint Ka'b alimmiminia Abu Qatada (R.A.) maji ya kutawadhia, akaja paka kunywa, naye akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa, kisha akamweleza kuwa Mtume (S.A.W.) amesema paka si najisi, naye ni miongoni mwa wanaotuzungukia majumbani, imepokewa na Malik, Abu Daud, Tirmidhi na wengineo. Na kwa Abu Daud imo pia khabari ya Mama wa Waumini Bi Aisha (R.A.): aliletewa harisa, ambayo sisi tunaiita bokoboko, naye yumo katika Sala, paka akaja akala, na alipomaliza Sala akala pale pale alipokula paka. Akiwa umemwona amekula kitu najisi, mdomo wake una najisi hiyo. Lakini akitoweka kwa muda ambao yawezekana amekunywa maji mengi, kisha akaja akaramba chakula chako, hukinajisi. Sahani yake iwe yake peke yake. Na kikavu kikigusana na kikavu, hakuna kinachohamia mkononi mwako.

Matapishi, mkojo na kinyesi chake ni najisi katika madhehebu yetu, hata kama chakula kimetoka kama kilivyoingia. Msala ulioingiwa haufutwi kwa kitambaa kibichi tu, kwani huko ni kuitandaza. Ondoa kwanza kitu chenyewe chote, kisha umimine maji yapite juu ya pahala hapo mpaka rangi na harufu viondoke. Hakuna idadi maalumu. Mara saba pamoja na udongo ni kwa mbwa, na kwa nguruwe kwa kauli mashuhuri ya madhehebu. Ikibaki harufu au rangi ngumu kutoka baada ya jitihada, imesamehewa. Nywele chache za paka zinazoshika nguo pia zimesamehewa, khasa kwa mwenye kuishi naye. Na ukimaliza Sala ukaona tapishi kwenye ukingo wa msala, usijue liliingia lini, na yawezekana kuwa ni baada ya Sala, Sala yako ni sahihi. Osha, wala usirudie.

Wallahu a'lam.